Ndege wa Shambani Hawajui Jumapili

Masika yakishakolea katika bonde la Kilombero, mpunga hutoa masuke, na mpunga ukitoa masuke ndege nao huja. Kweleakwelea haji peke yake. Huja kundi zima kama wingu, hutua, na likiinuka mwenye shamba hubakiwa na mabua na makapi. Nguruwe mwitu naye hungoja usiku. Kwa sababu hiyo, tangu zamani watu wa bonde hili, Wandamba, Wapogoro, Wambunga na wengineo, hujenga dungu, yaani kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, huko huko shambani. Familia huhamia huko na kukaa miezi kadhaa, mbali na kijiji, mbali na zahanati na mbali na kanisa.

Hapo ndipo Mkristo wa Ifakara anapokuwa na tatizo ambalo mwenzake wa mjini halijui. Kwaresima na Pasaka huangukia kati ya Februari na Aprili, wakati ambapo shamba halitaki utani. Kuna palizi, na kwa mpunga wa mapema kuna kuamia ndege. Jumapili alfajiri kengele inapolia kumwita mtu aende kusali, ndege naye yuko njiani kwenda kwenye mpunga, na ndege hajui Jumapili. Je, mama huyu aende kanisani, watoto wake wakose chakula mwaka mzima? Au abaki shambani na kombeo lake, aambiwe amepoteza mbingu kwa ajili ya debe la mchele?

Wiki hii, ndugu msikilizaji, tuzungumze juu ya swali hilo la sala na kazi, la mbingu tunayoitumaini na jembe lililomo mkononi. Nimelichagua bonde la Kilombero kwa makusudi. Kwa zaidi ya miaka 100 swali hilo limejibiwa pale kwa namna mbalimbali, na baadhi ya majibu yaligharimu damu.

Tuanze na wamisionari wa kwanza. Wabenediktini wa Mtakatifu Ottilien, kutoka Ujerumani, waliingia nchini mwaka 1888 wakaanzia Pugu, karibu na Dar es Salaam. Mwaka uliofuata, wakati wa vita vya Abushiri, misheni hiyo ilivamiwa na kuteketezwa. Baadaye walielekea kusini, wakafungua Peramiho mwaka 1898, na mwaka 1902 wakafungua misheni ya Kwiro, milimani Mahenge, juu ya bonde tunalolizungumzia.

Watawa hawa waliishi kwa Kanuni ya Mtakatifu Benedikto, iliyoandikwa Italia katika karne ya 6, na watu wengi huifupisha kwa maneno matatu tu: sali, fanya kazi. Kanuni hiyo inasema kwamba uvivu ni adui wa roho, na inaigawa siku ya mtawa kwa saa za sala, saa za kazi za mikono na saa za kusoma. Lakini ndani yake kuna mambo mawili ambayo watu husahau. La kwanza ni kwamba Benedikto aliiita sala yenyewe kazi, kazi ya Mungu, akataka isitanguliwe na jambo lolote. La pili ni kwamba alimwagiza mtunza stoo wa monasteri avitazame vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Maana yake ni kwamba jembe, shoka na sufuria vinastahili heshima kama kalisi. Anayeacha jembe la jumuiya likioza kwa kutu amekosa adabu mbele ya Mungu.

Haya ni mafundisho mazuri. Mabruda waliokuja nayo walikuwa waashi, maseremala na wakulima, na vijana wengi wa kusini walijifunza ufundi mikononi mwao. Lakini mafundisho mazuri hutegemea pia yamefika siku gani, na yamefika pamoja na nani.

Siku zile neno kazi lilikuwa na sura nyingine kabisa masikioni mwa wananchi. Serikali ya Wajerumani ilitoza kodi, na katika sehemu nyingi za kusini mashariki watu walilazimishwa kulima pamba katika mashamba ya pamoja chini ya maakida, kwa malipo yasiyotosha hata kununua chumvi. Kiboko kilikuwa ndicho mhasibu. Mtu aliyetoka kuchapwa kwa ajili ya pamba ya mwingine, kisha akasikia mzungu mwingine akimhubiria kwamba kazi ni njia ya kumpendeza Mungu, angewatofautishaje wawili hao? Hata kama padri hakushika kiboko, alitoka nchi moja na aliyekishika, na alizungumza lugha yake.

Mwezi Julai 1905 vita vya Maji Maji vikaanza katika milima ya Wamatumbi. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alikwishawapa watu maji ya dawa, na imani ikaenea kwamba maji hayo yangezifanya risasi za Wajerumani zisidhuru. Tarehe 14 Agosti mwaka huo Askofu Kasiani Spiss wa Wabenediktini aliuawa njiani, akitoka pwani kwenda Peramiho, pamoja na mabruda wawili na masista wawili. Tarehe 30 Agosti wapiganaji kwa maelfu, Wapogoro na Wambunga wakiwamo, wakaishambulia boma ya Mahenge.

Hebu tuitazame asubuhi ile, ndugu msikilizaji. Nje ya boma wamo watu wanaotumaini maji. Ndani ya boma wamo watu wanaomtumaini Mungu wa Wakristo, na pamoja nao bunduki mbili za rashasha. Risasi hazikugeuka maji. Watu walikufa wengi sana mbele ya boma ile, na vita vilipokwisha mwaka 1907 njaa ilikuwa imeua wengi zaidi ya risasi, kwa sababu majeshi ya serikali yalichoma vijiji, mashamba na akiba za chakula. Wajerumani wenyewe walikadiria vifo 75,000. Wanahistoria wa baadaye wametaja idadi kubwa zaidi, hata kufikia 250,000 na zaidi.

Wapo wanaozisoma habari hizi na kuwacheka wazee wetu. Mimi siwacheki. Wazee wale hawakuyakimbilia maji kwa uvivu. Walikuwa wamechoshwa na kazi isiyokuwa yao. Maji yale yaliwaunganisha watu wa makabila ambayo jana yake yalikuwa yanapigana, na hilo halikuwa jambo dogo. Hata hivyo, ukweli wa mambo ni kwamba imani iliyoahidi kuifanya kazi ya ngao haikuwa ngao. Na waliokuwa ndani ya boma nao wasijisifu kwamba sala yao ilikubaliwa na ya wenzao ikakataliwa. Kilichoshinda siku ile ni rashasha.

Basi bonde lilipata somo la kwanza kwa bei kubwa mno: sala ikifanywa mbadala wa kinga, watu hufa, na kazi ikifanywa amri ya mwenye nguvu, watu huiasi, hata ikihubiriwa kwa jina la Mungu.

Vita vya Kwanza vya Dunia vikaja. Majeshi ya Ubelgiji yaliingia Mahenge Oktoba 1917, na baada ya vita watawa wa Kijerumani wakaondolewa nchini. Pengo lao katika sehemu hizi lilijazwa na Wakapuchini kutoka Uswisi, waliofika mwaka 1921, na mwaka huo huo wakafika masista wa Baldegg, nao wa Uswisi. Mkapuchini mmoja, Edgar Maranta, akawa askofu wa Dar es Salaam mwaka 1930, na eneo lake lilifika hadi huku Ulanga na Kilombero.

Wakapuchini ni wana wa Mtakatifu Fransisko wa Asizi. Nao wana kanuni yao, iliyothibitishwa mwaka 1223, na ndani yake kuna sura fupi juu ya kazi. Fransisko anawaagiza ndugu waliojaliwa uwezo wa kufanya kazi wafanye kwa uaminifu, lakini kwa namna ambayo haitauzima moto wa sala ndani yao. Msikilizaji, linganisha na Benedikto. Yule alihofia zaidi mtu asiyefanya kazi. Huyu alimhofia pia mtu anayefanya kazi hadi akasahau kwa nini anaifanya. Bonde la Kilombero lilizipata hofu zote mbili, moja baada ya nyingine, na nadhani lilizihitaji zote mbili.

Masista walianza na yale yaliyo karibu: vidonda, kuhara, akina mama wanaojifungua, homa za watoto. Kutokana na huduma hiyo ikakua hospitali ya Ifakara, inayoitwa kwa jina la huyo huyo Mtakatifu Fransisko. Katika miaka ya 1940 alikuwapo daktari wa misheni kutoka Austria, Karl Schöpf, na wagonjwa walikuja kutoka mbali. Kabla ya daraja la sasa, mgonjwa wa upande wa Mahenge alivushwa mto Kilombero kwa mtumbwi au kwa pantoni, na mto ukifurika alingoja. Walikuwapo pia wagonjwa wa ukoma, watu ambao jamaa zao waliwaogopa, nao wakapewa mahali pa kuishi na kutibiwa.

Sasa fikiri juu ya sista mwuguzi. Kengele ya sala ya jioni inalia, na wakati huo huo mama analetwa kwa machela, amepoteza damu. Afanye nini? Mtakatifu Vinsenti wa Paulo wa Ufaransa alikwisha kulijibu swali hili katika karne ya 17. Aliwafundisha masista wake kwamba anayeiacha sala ili amhudumie mgonjwa hajamwacha Mungu. Amemwacha Mungu kwa ajili ya Mungu. Lakini tuwe waangalifu hapa, maana wavivu wa sala hupenda sana jibu hilo. Vinsenti hakusema kengele iondolewe. Sista yule atarudi kusali, maana asiporudi, siku moja atamtazama mgonjwa wa 40 na kuona namba tu, asione mtu.

Mwaka 1949 alifika Ifakara profesa kutoka Basel, Rudolf Geigy, mtaalamu wa wanyama na mkuu wa Taasisi ya Uswisi ya Magonjwa ya Nchi za Joto. Yeye hakuja kuhubiri. Alikuja kutafuta, pamoja na mengine, papasi, yule mdudu anayejificha katika sakafu ya udongo na kumletea mtu homa ya vipindi ambayo wananchi waliijua kwa jina la huyo huyo mdudu. Mwaka 1957 taasisi hiyo ikafungua maabara yake Ifakara, jirani na misheni na hospitali, na mwaka 1961, mwaka wetu wa Uhuru, kikaanza hapo kituo cha kuwafundisha waganga wasaidizi. Maabara ile baadaye ilipita mikononi mwa Watanzania, na leo tunaijua kwa jina la Taasisi ya Afya Ifakara.

Hivyo mji mmoja mdogo, unaozungukwa na mafuriko kila masika, ukawa na kanisa, wodi na darubini katika eneo moja. Wapo waliodhani vitu hivyo vingegombana. Havikugombana sana, kwa sababu kila kimoja kilikuwa na jambo ambalo kingine hakikuweza. Darubini ilionyesha kijidudu cha malaria, lakini haikumwambia mama amwombolezeje mtoto. Sala ilimfariji mama, lakini haikumzuia mbu kurudi usiku uliofuata.

Na mbu alirudi, hasa kwenye dungu. Watafiti wa Ifakara waliona kwamba familia zinapohamia shambani huwa katika hatari ya malaria katika msimu ule ule ambao hospitali iko mbali nazo. Mwaka 1997 ulianza mpango wa kuuza kwa bei nafuu vyandarua vyenye dawa katika wilaya za Kilombero na Ulanga, kwa jina lililoeleweka na kila mtu: Zuia Mbu. Wahojaji walipita nyumba kwa nyumba katika vijiji 25, wakiandika nani amezaliwa, nani amefariki na nani amelala ndani ya chandarua. Mwanzoni watoto wachanga waliolala katika vyandarua hivyo hawakufika asilimia 10. Baada ya miaka mitatu walizidi asilimia 50. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2001 yalionyesha kwamba vyandarua hivyo viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la uhai wa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne. Hiyo, ndugu msikilizaji, ni kazi ya madaftari, ya miguu yenye vumbi na ya subira. Wengi walioifanya walikuwa watu wa sala pia, Wakristo na Waislamu, na sidhani kama Mungu alichukizwa na hesabu zao.

Lakini kazi nayo isifanywe mungu. Kabla ya hapo, mwaka 1993, katika kijiji cha Idete kilicho karibu na Ifakara, watoto 586 waliingizwa katika jaribio la chanjo ya malaria iliyobuniwa Colombia. Matokeo ya mwaka 1994 yalionyesha kinga ya asilimia 31, na dunia ikafurahi. Majaribio yaliyofuata kwingine, Gambia ikiwa mojawapo, hayakuthibitisha manufaa hayo, na chanjo ile ikawekwa kando. Watu walikuwa wamefanya kazi vizuri, kwa uaminifu, wakaambulia kidogo. Siku kama hizo mtu asiye na tumaini lolote kubwa kuliko kazi yake hukata tamaa. Mwenye tumaini hulala, huamka na kuanza upya. Hiyo ndiyo faida ya kutumaini mbingu ambayo watu wa takwimu hawaiandiki.

Sasa turudi kwa mama yetu wa kwenye dungu, maana sijamsahau. Aliyemjibu swali lake kwa miaka yote hiyo si profesa, na mara nyingi si padri pia. Padri alikuwa na vigango vingi na barabara mbovu. Aliyemjibu ni katekista wa kijiji. Katekista alikuwa mkulima kama yeye, mwenye shamba, mwenye ndege wake wa kuwaamia, na posho isiyomtosha. Padri asipofika, yeye ndiye aliyeongoza ibada ya Jumapili, akawafundisha watoto sala, akawazika wafu. Jumatatu ungemkuta ameinama kwenye palizi. Tangu miaka ya 1970, maaskofu wa Afrika Mashariki walipozipa kipaumbele jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, majirani wamezoea kukutana nyumbani, wakasali, kisha wakaulizana nani mgonjwa, nani amefiwa, nani shamba lake limebaki nyuma.

Pale ndipo swali linapopata jibu la kweli. Mtu mmoja akibaki shambani kuwaamia ndege wa majirani watatu, majirani hao huweza kwenda kusali, na Jumapili inayofuata huenda mwingine. Aliyebaki hajakosa sala. Ametoa nafasi ya wenzake kusali. Yesu mwenyewe aliwauliza Mafarisayo ni nani kati yao ambaye ng'ombe wake akitumbukia kisimani siku ya Sabato hatamtoa mara moja. Hawakuwa na jibu. Mwenye mpunga unaoliwa na ndege anamwelewa Bwana wake vizuri sana katika jambo hilo.

Tena tusidhani kwamba kungoja mbingu na kuacha kazi ni ugonjwa wa siku hizi. Wakristo wa Thesalonike, karne ya kwanza, walisikia kwamba Bwana yu karibu kurudi, na baadhi yao wakaketi tu kungoja na kuzurura katika nyumba za wenzao. Mtume Paulo, ambaye alikuwa fundi wa mahema na aliishi kwa jasho lake, aliwaandikia kwamba asiyetaka kufanya kazi na chakula asipewe. Angalia neno asiyetaka. Hakusema asiyeweza, wala hakusema aliyekosa ajira. Ndugu zetu Waislamu nao wana mafundisho ya Mtume wao kwa bedui aliyemwacha ngamia huru akidai anamtegemea Mungu: mfunge kwanza, kisha utegemee.

Kuna hatari nyingine, na hii inawahusu wakubwa. Mbingu inaweza kutumiwa kumfunga mtu mdomo. Mwajiri asiyelipa mshahara miezi mitatu hupenda sana wafanyakazi wanaoimba juu ya hazina ya mbinguni. Mwalimu Nyerere, ambaye alikuwa Mkatoliki wa kuhudhuria misa, alilisema hilo wazi tarehe 16 Oktoba 1970, alipozungumza na masista wa Maryknoll huko New York. Aliwaambia kwamba tunafundishwa mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, na yeye hakubali kumfikiria Mungu aliye fukara, mjinga na mwenye kuonewa. Akaonya kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kupambana na mambo yanayowaweka watu katika umaskini, litahesabiwa kuwa upande wa dhuluma. Miaka mitano kabla yake, Desemba 1965, Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulikuwa umefundisha jambo linalofanana na hilo: kuitazamia nchi mpya kusipunguze bidii ya kuitunza nchi hii, bali kuizidishe.

Ndugu msikilizaji, nimesema juu ya bonde la mbali, lakini sote tunajua ninazungumza na nani. Mwaka 2011 maelfu ya watu waliacha dawa zao hospitalini wakapanga foleni ya magari kwenda Loliondo kunywa kikombe kimoja, na wapo waliofia njiani. Tarehe 1 Februari 2020, mjini Moshi, watu 20 walikufa katika msongamano wa kukimbilia kukanyaga mafuta yaliyoombewa. Sisemi hayo ili kuwadhihaki marehemu, kama nisivyowadhihaki wazee wa Maji Maji. Mtu aliyechoka na maradhi na umaskini hushika chochote anachoahidiwa. Lakini ni lazima tuulize, tangu 1905 hadi leo, ni nani anayewaahidi watu kwamba maji au mafuta yatafanya kazi ya daktari, ya jembe na ya haki.

Na mjini humu, je? Mwananchi anafika ofisini saa 2 asubuhi kufuata cheti cha mtoto, anaambiwa mhusika yuko kwenye maombi. Saa 4 bado. Amesafiri kwa nauli ya kukopa. Mhusika anaporudi na Biblia kwapani, uso unang'aa, huyu mwananchi aone nini katika sala hiyo? Upande mwingine yupo mfanyabiashara ambaye hana muda wa kusali, hana muda wa kula na wanawe, hana muda hata wa kuugua. Kazi imemla kama mchwa wanavyoila nguzo ya dungu, kwa nje nzima, kwa ndani unga. Wote wawili wamekosea hesabu, na maskini huwalipia wote wawili.

Kipimo ni kile kile cha wodi ya Ifakara. Sala yako imemrudisha mgonjwa mikononi mwako, au imemwacha mlangoni? Kazi yako imekuachia nafasi ya kumwona kuwa ni mtu, au imemfanya namba? Ukiyajibu hayo kwa ukweli huhitaji mhubiri wa kukuongezea.

Mwaka huu pia kweleakwelea watashuka Kilombero. Mahali fulani, kwenye dungu lililozungukwa na maji, mama ataamka kabla ya jua, atafanya ishara ya msalaba, kisha atachukua kombeo lake. Vyote viwili vitamchukua dakika chache tu, na kimoja hakitamngoja kingine kiishe ili kiwe na maana. Mpunga ukisalimika atakwenda kushukuru. Na sisi tutakaoununua mchele huo mjini, tukishatamka sala ya chakula, tukumbuke ni nani aliyeamka.

Hadi wiki ijayo, kwa herini.